Kiti Hakiuzwi: Imani na Matendo Mema katika Maisha ya Mkristo

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya imani na nafasi ya matendo mema katika maisha ya Mkristo. Mada hii imewahi kugawa falme, sembuse ukumbi. Nadhani wapo waliokuja wakitarajia nitangaze mshindi, ama Paulo na Luther wake, ama Yakobo na Mtaguso wa Trento. Hao watanisamehe, maana sikuja kuamua mechi.

Shabaha yangu ni kuonyesha kwamba swali letu la siku zote, la mtu kuokolewa kwa imani au kwa matendo, linaruka jambo ambalo waandishi wa Agano Jipya wenyewe walikuwa wakiligombania. Paulo na Yakobo, tuliozoea kuwapambanisha, wote wawili walikuwa wakizungumza juu ya watu waliokutana chumba kimoja na namna walivyoketishwa humo. Dai langu ni hili: imani ni kukubali kwamba nafasi yetu mbele za Mungu hainunuliwi kwa chochote, na matendo mema ni kuishi na wenzetu kama watu ambao nao hawakuinunua yao. Anayekiri la kwanza huku akikataa la pili, hata lile la kwanza hajaliamini. Nitatoa hoja nne, nijibu mapingamizi matatu, kisha niseme yanayotusubiri mbele.

Hoja ya kwanza: Kwa Paulo, ugomvi ulianzia mezani

Fungueni Waraka kwa Wagalatia, sura ya pili. Tuko Antiokia. Petro amekuwa akila pamoja na Wakristo wasio Wayahudi, bila shida. Wanafika wageni kutoka Yerusalemu, waliotoka kwa Yakobo, na Petro anaanza kujitenga kwa kuwaogopa. Wayahudi wengine wanamfuata, hata Barnaba. Paulo anamkabili mbele ya watu wote, na ni katika kukisimulia kisa hicho ndipo anapotoa tamko lake maarufu, katika aya ya 16, kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria bali kwa kumwamini Yesu Kristo. Basi fundisho tunalolisoma leo vyuoni katika vitabu vinene lilijibu swali la watu waliokuwa na sahani mbele yao: je, asiyetahiriwa anaweza kula hapa jinsi alivyo, au kuna kitu anadaiwa kwanza? Paulo alijibu kwamba hadaiwi kitu, kwa sababu hata aliyetahiriwa hakuketi pale kwa kutahiriwa kwake.

Wasomi wengine wa miaka ya karibuni wameshikilia kwamba matendo aliyoyakataa Paulo ni alama za Uyahudi tu: tohara, vyakula, sikukuu. Nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa kuhusu Antiokia, lakini Warumi sura ya nne haituruhusu kuishia hapo. Hapo Paulo anasema kwamba mfanyakazi hupokea ujira kama deni, wala si kama zawadi, na kwamba Mungu hana deni la namna hiyo kwa mtu yeyote. Kwa hiyo anachokataa ni kila aina ya ankara ambayo binadamu anaweza kumpelekea Mungu. Hilo halikumfanya ayadharau matendo. Katika sura ileile ya pili ya Wagalatia, aya ya 10, anaeleza kwamba mitume walimwomba awakumbuke maskini, na kwamba lilikuwa jambo alilolifanyia bidii. Michango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu ilimshughulisha kwa muda mrefu, na sura mbili nzima za Wakorintho wa Pili zinaihusu. Kisha ipo Waefeso sura ya pili. Wahubiri wetu hupenda kusoma aya ya 8 na ya 9, zinazosema tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo, wakafunga kitabu. Naona wachungaji wanatabasamu. Aya ya 10 inaendelea kusema kwamba tuliumbwa kwa ajili ya matendo mema ambayo Mungu aliyaandaa tangu awali. Kuishia aya ya 9 ni kumkata mtu kauli.

Hoja ya pili: Kwa Yakobo, ugomvi ulianzia kwenye kiti

Tunapomtaja Yakobo tunakimbilia aya ya 14 ya sura ya pili na kuendelea, penye maneno makali juu ya imani isiyo na matendo. Sura hiyo lakini inaanza mapema zaidi, kwa picha ya watu wawili wanaoingia kwenye kusanyiko. Mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi ya kung'aa. Mwingine ni maskini na nguo zake ni chafu. Wa kwanza anakaribishwa penye kiti kizuri. Wa pili anaambiwa asimame kule, au akae chini miguuni pa watu. Mabishano ya imani na matendo yanatoka hapo moja kwa moja. Kisha Yakobo anataja ndugu asiye na nguo wala chakula cha siku, anayeagwa kwa maneno mazuri, ashibe na apate joto, bila kupewa kitu. Kwa Kiswahili cha makanisa yetu ya leo maneno hayo tunayajua vizuri: "Pole sana, mpendwa. Tutakuombea." Yakobo hapingi sala. Anachouliza ni kama sala hiyo imetolewa ili mkono usiingie mfukoni.

Hapo ndipo wengi husema kwamba kitendawili kimebaki, kwa kuwa waandishi hao wawili wanamtumia Abrahamu yuleyule kuthibitisha mambo mawili yanayopingana. Tumfuate Abrahamu kwa umri wake. Mwanzo 15 inasema alimwamini Mungu, na akahesabiwa haki. Alipozaliwa Ishmaeli, sura ya 16, alikuwa na miaka 86. Alipotahiriwa, sura ya 17, alikuwa na miaka 99. Paulo anaushika mpangilio huu katika Warumi 4: haki ilitangulia tohara, na kwa hesabu ya miaka hiyo ilitangulia kwa miaka 13 au zaidi. Tohara basi haikuwa bei yake. Yakobo anaangalia sura ya 22, Abrahamu akiwa mlimani na Isaka, mtoto aliyezaliwa baba yake akiwa na miaka 100, na anasema kwamba hapo ndipo ile imani ya zamani ilipotimilika. Paulo anaulizwa safari ilianzaje, Yakobo anaulizwa kama safari ilikuwapo kweli. Hayo ni maswali mawili juu ya maisha ya mtu mmoja, na mtu mwaminifu anaweza kuyajibu yote bila kujipinga.

Hoja ya tatu: Karne ya 16 iligombania biashara, na pande zote zilikuwa na hofu ya haki

Wanafunzi wa historia ya Kanisa wanajua kwamba mwaka 1517, huko Ujerumani, vyeti vya rehema, yaani vya kuondolewa adhabu za dhambi, vilikuwa vimegeuka biashara. Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz alikuwa na deni kwa benki ya akina Fugger wa Augsburg, alilolichukua kugharamia cheo chake. Nusu ya mapato ya vyeti ilikwenda kulipa deni hilo, na nusu ilikwenda Roma kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro. Hoja 95 za Martin Luther, za Oktoba 31 mwaka huo, ziliigusa biashara hiyo palepale penye pesa. Miaka minne baadaye, mwaka 1521, tajiri Jakob Fugger mwenyewe aliweka hati ya makazi ya maskini mjini Augsburg, yanayoitwa Fuggerei. Makazi hayo yapo hadi leo. Kodi yake ni senti 88 za yuro kwa mwaka mzima, na anayekaa humo anatakiwa kusali sala tatu kila siku kwa ajili ya mwasisi na ukoo wake.

Nawaomba tusiicheke Fuggerei. Kwa miaka 500 imewakinga maskini na mvua na baridi, na hilo ni zaidi ya walilofanya wengi waliokuwa na mafundisho sahihi zaidi. Hata hivyo, tazameni muundo wake. Maskini anapewa nyumba, na kazi yake humo ni kumsaidia tajiri kufika mbinguni. Sasa ilinganisheni na Leisnig, mji mdogo wa Saxony, ambao mwaka 1523 ulitengeneza sanduku la pamoja kwa ajili ya wahitaji, Luther akiuandikia waraka wake utangulizi. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na funguo ziligawanywa kwa makabaila, baraza la mji, wenyeji wa mji na wakulima wa vijijini, ili pasiwe na kundi linaloweza kulifungua peke yake. Aliyesaidiwa hakudaiwa sala kwa ajili ya mtu. Hii ndiyo tofauti ambayo fundisho la imani linaileta katika matendo: halipunguzi idadi yake, linamwondoa maskini kwenye daftari la madeni ya tajiri. Waswahili tunasema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Anayejua kwamba Mungu hamwandikii mkopo wala malipo ndiye anayeweza kwenda zake kweli.

Haki inanilazimu niseme na la upande wa pili. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, katika amri yake ya Januari 13, 1547, yenye sura 16 na kanuni 33, ulitamka wazi kwamba katika yanayotangulia kuhesabiwa haki hakuna, iwe imani au matendo, kinachomstahilisha mtu neema hiyo. Mababa wa Trento waliogopa imani inayokaa vivi hivi ikijisifu kwamba imeokoka. Luther naye aliogopa jambo hilohilo. Mwaka 1520 alikuwa tayari ameandika kitabu kizima juu ya matendo mema. Ilichukua karne nne na nusu watu wa pande hizi mbili kuketi na kusikilizana hofu zao. Oktoba 31, 1999, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia saini Tamko la Pamoja kuhusu fundisho la kuhesabiwa haki, wakakubaliana juu ya msingi: tunapokelewa kwa neema pekee, na neema hiyo inatuwezesha na kutuita kutenda mema. Saini ziliwekwa Augsburg, mji uleule wa benki ya Fugger. Wamethodisti walijiunga na tamko hilo mwaka 2006, na makanisa ya mapokeo ya Calvin mwaka 2017.

Hoja ya nne: Afrika imeshalipima jambo hili

Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Kidachi la Reformed huko Cape, Afrika Kusini, ilikabiliwa na swali la Antiokia kwa sura mpya: je, wazungu na waumini wasio wazungu washiriki ibada na meza moja? Sinodi ilikiri kwamba Maandiko yanataka wawe pamoja. Kisha ikaruhusu watenganishwe mahali ambapo udhaifu wa baadhi ya watu ungeleta kikwazo. Hakuna kipengele cha imani kilichofutwa siku hiyo. Waliohesabiwa haki kwa imani waliendelea kuimba hivyo, kila kundi kwenye jengo lake, na mgawanyiko huo ulikuja kuwa miongoni mwa nguzo za kidini za ubaguzi wa rangi.

Jibu mojawapo zito lilitoka hapa kwetu. Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa sita Dar es Salaam, likamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mkutano huo ulitamka kwamba katika hali ya Afrika Kusini kuukataa ubaguzi wa rangi ni suala la ukiri wa imani, wala si maoni ya siasa ambayo Wakristo wanaweza kutofautiana juu yake. Mwaka 1984, kule Budapest, makanisa mawili ya wazungu wa kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama. Nawaomba mlitafakari hilo. Warithi wa Luther, wanaosema imani pekee, waliamua kwamba namna unavyomketisha jirani yako inaweza kuonyesha kwamba umeiacha imani hiyo. Hawakumgeuka Luther kwa kufanya hivyo. Walikuwa wamemsoma Paulo kuanzia Antiokia.

Kibira alitoka katika mazingira ya Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Bukoba na Kenya. Waliookoka katika Uamsho walihubiri damu ya Yesu, wala hawakuhubiri mastahili ya mtu. Ila kilichowashangaza majirani ni kwamba baada ya kutubu walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni waliyokuwa wameyakana, wakaenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Ni utaratibu wa Zakayo katika Luka 19. Yesu alijialika kwake kwanza. Ahadi ya kutoa nusu ya mali na kurudisha mara nne ilifuata baadaye. Ukigeuza utaratibu huo, ukamtaka Zakayo alipe kwanza ndipo Yesu aende kwake, umerudi kwenye vyeti vya rehema. Ukiiacha karamu ipite bila mtu kurudishiwa chake, umepata wokovu ambao majirani hawana habari nao.

Mapingamizi

Pingamizi la kwanza ni la zamani: kama wokovu ni bure, nani atajisumbua? Paulo alilijibu katika Warumi 6, na Dietrich Bonhoeffer, mchungaji aliyeuawa na utawala wa Hitler Aprili 9, 1945, alilirudia katika kitabu chake cha 1937 alipolaumu neema iliyofanywa bidhaa rahisi. Mimi naongeza jambo moja. Pingamizi hili linachukulia kwamba sababu pekee ya kumlisha mwenye njaa ni kujipatia faida. Ikiwa ni hivyo, siku faida ikipatikana kwa njia nyepesi zaidi mwenye njaa ataachwa. Aliyeachiliwa na hofu ya hukumu anabaki na sababu moja tu ya kumlisha mwenye njaa, nayo ni njaa yake, na sababu hiyo haiishi kwa sababu mimi nimeshatosheka.

Pingamizi la pili linawahusu ndugu zetu Waislamu waliokuja kutusikiliza jioni hii, na wote watendao mema bila kukiri imani yetu. Je, matendo yao si kitu? Mathayo 25 inatufunga mdomo tusijibu haraka. Katika picha ile ya hukumu, waliosifiwa wanashangaa kama walivyoshangaa waliolaumiwa. Hawakumbuki ni lini walimhudumia Mfalme. Hawakuweka kumbukumbu. Nashikilia imani ya Kanisa juu ya Kristo, lakini kutoka humohumo najifunza kutoshika kalamu ya mhasibu juu ya mema ya mtu mwingine. Anayesema kiti chake ni zawadi hana msingi wa kusimama mlangoni akikagua tiketi.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Uamsho ulianzia Rwanda, nchi iliyojaa Wakristo, na mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa ya Ntarama na Nyamata walikokimbilia. Kule Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga likiwa na watu ndani, na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani padre wa parokia hiyo, akahukumiwa kifungo cha maisha katika rufaa ya mwaka 2008. Je, imani haikuonyesha kwamba haina kazi? Sitaligeuza pingamizi hili kuwa ushindi. Nasema tu kwamba linapiga hasa pale Yakobo alipopiga: ukiri ulioenea nchi nzima bila kugusa swali la nani ni mwenzetu. Nyange hiyohiyo, Machi 18, 1997, washambuliaji waliingia katika shule ya sekondari, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi walikataa, wakisema wao ni Wanyarwanda, na baadhi yao waliuawa. Sidai kwamba Kanisa lina haki ya kujichukulia heshima yao. Ila mtu akiniuliza tendo jema kamili lina sura gani, nitamtajia darasa lile ambalo halikukubali kupangwa upya.

Tunakoelekea

Ndugu Mwenyekiti, tusimalizie Rwanda kana kwamba kwetu ni salama. Tazameni harambee zetu za ujenzi wa kanisa. Mbele kuna makochi yenye vitambaa na meza ya maji ya chupa kwa ajili ya mgeni rasmi. Majina yanasomwa pamoja na viwango. Mama aliyeleta kuku au shilingi elfu mbili anapigiwa makofi ya kumsindikiza, na yule mwenye bahasha nene anapewa kipaza sauti. Yakobo angeitambua pete. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kurudishwa kwa fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika parokia ya Soweto, ili Kanisa lisitumike kujijenga kisiasa. Wapo walioona ni ukali. Kwangu lilikuwa somo la Wagalatia lililofundishwa hadharani.

Juni 25, 2030, itatimia miaka 500 tangu Ungamo la Augsburg, ungamo la imani la Walutheri, lisomwe, na bila shaka tutakuwa na makongamano. Napendekeza maandalizi ya aina tatu yaanze mapema. Vyuo vyetu vya theolojia, vya Kikatoliki na vya Kiprotestanti, vifundishe Warumi na Yakobo katika muhula mmoja, na wahadhiri wabadilishane madarasa. Sharika na parokia zijaribu harambee isiyosoma viwango, zione kama jengo litakwama kweli. Na taarifa za huduma zetu za afya, elimu na misaada, ambazo sasa huandikwa na watoaji kwa ajili ya wafadhili, ziwe na sehemu inayoandikwa na waliohudumiwa, waeleze walipokelewaje na walidaiwa nini. Kazi hiyo itatuaibisha hapa na pale, na kwa sababu hiyo inafaa ianze sasa, tukiwa bado na muda wa kurekebisha. Nipo tayari kwa maswali, na ningeomba leo Mwenyekiti aanze na waliokaa viti vya nyuma.